Kisamvu Kilichomponza Mpima Damu

Saa mbili asubuhi Ignasi anainamisha kichupa kwenye maji ya vuguvugu, anakiinua, anakiinamisha tena, jicho moja liko kwenye saa. Sekunde kumi na tano. Kumi na sita. Anangoja uzi mwembamba wa damu inayoganda, na leo anaomba uchelewe.

Kijana huyu wa Chiola ndiye mpima damu wa hospitali moja ya Nachingwea. Damu ni ya Mwantumu, mzazi kutoka Nkowe, aliyegandiwa na damu mguuni. Bonge likipanda mapafuni, tumezika. Anameza vidonge ili damu ichukue sekunde thelathini hivi kuganda. Lakini Jumatatu mbili mfululizo iliganda kwa kumi na nane.

"Daktari akasema ni mkono wangu," anaeleza Ignasi. "Ya tatu ikiwa hivyo, narudi kufagia."

Na kufagia alikwisha kufagia, miaka minne. Roho ilimuuma.

Juzi Jumamosi, siku ya kuona wagonjwa, akajibanza wodini. Muuguzi akamuuliza Biasha, mama wa Mwantumu, kama ameleta chakula. Bibi akaapa hakuleta. Kumbe chini ya kanga pana bakuli la kisamvu! Ignasi akamuuliza kwa lugha ya kwao mbona amekana.

"Hiyo mboga, baba, si chakula," Biasha alimjibu kwa Kimwera. "Chakula ugali, na ugali mnatoa wenyewe. Mwanangu kajifungua, kamwaga damu, nisimpe majani?"

Ignasi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha bakuli akalimaliza mwenyewe.

Damuni, anasema, mna vimeng'enya, mafundi wa kugandisha. Ini ndilo linalowatengeneza, na vidonge hulinyima kitu cha kuwakamilishia. "Kitu hicho kimejaa kwenye majani. Sisi tunanyima, bibi analeta kwa bakuli."

Ishirini na saba. Ishirini na nane. Uzi unajitokeza kwenye ishirini na tisa, na Ignasi anakaa chini kwa furaha. Daktari anaitazama saa, anampa mkono, anamwomba amtajie herufi za neno "kisamvu" aliandike kwenye faili.

Mwantumu atapewa kijiko kimoja kila siku, na kipimo cha vidonge kilinganishwe na kijiko hicho. Ufagio umepata mwenyewe mwingine.

Ignasi ameshachora mistari kwenye daftari jipya. Anataka kila mgonjwa wa vidonge hivi, kabla ya kuchomwa sindano ya kutoa damu, aulizwe kwa lugha ya mama yake: "Ugali umekula na nini?"