Injini Mpya ya Keri ya Ubwa

Mume wangu, Ubwa, hajapata kumiliki kitu kikubwa kuliko keri yake, ile gari ndogo ya mizigo, ya rangi ya samawati. Hapa Paje aliyejenga, aliyehama na aliyeoza binti, vitu vyake vimepanda nyuma ya keri ya Ubwa. Si mtu wa maneno. Akimpenda mtu humtengenezea kitu, basi.

Mie nalima mwani, na mwani mbichi hauna huruma. Tunauvuna maji yakitoka, tunautia virobani, tunajitwika mpaka juu pwani, na mchanga unatunyonya miguu. Mwaka huu shingo yangu ilikataa. Nikisali, kutoa salamu nilikuwa siwezi mpaka nigeuke na mabega. Ubwa aliona. Kumbe keshapanga. Akaipeleka keri mjini, Mpendae, kwa fundi wake, Mkubwa, aitie injini kubwa, iweze kushuka mchangani kutufata huko huko mashambani.

Siku ya kuichukua tulikwenda sote. Mkubwa alikuwa anafuta mikono, uso haukuchangamka.

"Bwana Ubwa, injini nshaitia. Lakini klachi ni ile ile ilokuja na gari, na giaboksi ile ile. Klachi ndiyo inayoshika nguvu ya injini ikaipeleka kwenye gia. Hii imezoea nguvu ndogo. Ukiizidishia itateleza, na siku itakayoshika kwa ghafla, gia zitavunjika."

"Mie siendi mbio, Mkubwa. Nabeba mwani tu."

"Huo mwani ndio mbaya kuliko mbio! Mzigo, tena mchangani? Subiri niagize klachi kubwa."

"Itakuja lini?"

"Hapo sasa, aulizwe mwenye meli."

Ubwa akacheka. Akaijaribu tupu kwenye lami, mpaka Darajani na kurudi, ikaruka kama mwanambuzi. "Umeona?" akaniuliza. Mie ningesema nini? Klachi sijapata kuiona hata sura yake. Nilisema inshaallah.

Siku ya bamvua, bahari ilipokauka mpaka mbali, Ubwa akaishusha keri mpaka kwenye vigingi vyetu vya mwani. Wanawake walipiga vigelegele. Mwanakheir, jirani yangu wa shambani, ulimi hauna breki, akamwambia, "Shemegi, leo kichwa changu nakisuka! Kishastaafu viroba."

"Kisuke, shemegi. Lakini mumeo asije kunidai mie pesa ya msusi."

Tukacheka, tukapakia mpaka keri ikakaa chini. Nilimuona Ubwa anavyonitazama nimesimama mikono mitupu. Alifurahi mume wangu, Mungu shahidi.

Akawasha, akatia gia. Injini ikanguruma mpaka chini ya nyayo tukaisikia. Matairi hayakugeuka hata kidogo. Akakanyaga zaidi, ikapanda harufu kama kwato linaungua.

"Klachi," akasema Ubwa, polepole.

Tukateremsha viroba, tukasukuma. Wageni wanaoteleza baharini kwa tiara, vile vishada vikubwa vya upepo, wakaja kusukuma nao, wanahesabu kwa lugha yao. Haikwenda. Ubwa akaiachia klachi kwa nguvu, ikashika mara moja. Kikasikika kitu kinapasuka chini, ka! kama unavyovunja kifuu. Toka hapo hata gia haikuingia.

Maji yakaanza kurudi. Kijana mmoja alileta gari ya kuvuta, akaishia juu pwani; hakuthubutu kushuka, nami simlaumu. Maji yalifika kwenye vifundo, kisha magotini. Wageni wakaondoka mmoja mmoja, wanatutazama. Ubwa alirudi kukaa kwenye usukani, akawasha tena.

"Baba Radhiya, teremka," nikamwambia.

"Sikiliza! Injini nzima hii! Nzima!"

Kweli ilikuwa nzima. Ilivuma vizuri, nguvu tele, na gari imekaa pale pale. Nilisoma kila dua niliyoijua, na maji yakapanda mpaka kwenye kiti, injini ikakohoa, ikanyamaza. Ndipo nilipomshika mkono akateremka kama mgonjwa.

Adhuhuri ilishaadhiniwa. Juu pwani Ubwa hakwenda nyumbani wala msikitini. Alisimama pale pale kwenye mchanga mkavu, nguo zinamchuruzika, akasali, nami nyuma yake. Alipomaliza aliinua mikono, midomo inacheza bila ya sauti. Nje kule paa la keri lilikuwa limebaki kama mkeka wa buluu. Sikusikia alichoomba. Niliitikia amin, na maji yalikuwa bado yanapanda.