Ukuta wa Makomeno

Kangwa hakuumizwa na uchawi, ingawa Lubumbashi nzima inaamini hivyo. Aliumia kabla mpira haujarushwa, akiruka ukuta.

Enzi hizo alikuwa nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu chuoni kwao, mrefu, mwenye shabaha, na vilabu vya Kinshasa vilikwisha kuanza kumuulizia. Siku ya fainali kwenye uwanja wa Makomeno zikavuma habari kwamba wapinzani wamefukia dawa kwenye lango la kuingilia. Basi timu nzima ikapanda ukuta wa nyuma, kama zifanyavyo timu za huku zinapolitilia shaka lango. Kangwa akatua vibaya, goti likaachia, na hakucheza tena. Watu walisemaje? Kwamba dawa ile ilikuwa kali hata ikapanda ukuta. Maneno hayo yalimuuma kuliko goti lenyewe.

Alimaliza masomo akichechemea. Papa André, mwenyekiti wa timu, akamwonea huruma, akampa ukocha. Na kazi akaiweza kweli. Kabla ya kuwafundisha wasichana kuruka aliwafundisha kutua: magoti yakunjwe, miguu yote miwili, tena na tena, mpaka wakamchoka. Haikuchukua misimu mingi wakafika fainali. Ikapangwa wapi? Makomeno, uwanja uleule.

Asubuhi ya mechi Papa André alimvuta kando. Lango limeshachezewa, alisema, wasichana wapite ukutani. Kangwa akishupaa wakashindwa, asimjie tena kazini. Kangwa alitamani kumcheka, akashindwa, maana kazi ile ndiyo mpira wote aliobakiwa nao. Hata hivyo aliwakusanya wachezaji wake nje ya uwanja, akawaambia ukweli: goti lake halikuvunjwa na dawa, lilivunjwa na ukuta ule pale, na hataki hata mmoja wao aache maisha yake chini ya ukuta huo. Walimsikiliza kwa adabu, macho chini. Kisha nahodha wao, Abigaël, akajibu kwa niaba ya wenzake, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama walivyozoea.

"Yaya Kangwa, tunakuheshimu sana. Lakini weye ulipita ku mur, ukaruka, na dawa ikakufwata mpaka kule. Shiye tupite ku mulango yenyewe? Hapana, Yaya. Tuko na woga."

Wasichana walikwisha kusogea ukutani, viatu vikining'inia mabegani.

Kangwa akageuka kwa hasira, akaliendea lango, akapita peke yake watu wote wakimkodolea macho. Ndani akazunguka mpaka chini ya ukuta, akajikita kwa mguu wake mbovu, akatanua mikono.

"Kunjeni magoti," akawaambia.

Wakaruka mmoja mmoja, naye akawadaka wote. Kila alipopokea uzito mpya, goti lilimchoma hadi kiunoni. Hakuumia msichana hata mmoja.

Walishinda. Papa André aliwahutubia mashabiki kwa mbwembwe, akisema wenye akili hupita ukutani. Kangwa hakusimama kupokea kombe. Alikuwa kwenye benchi, barafu imefungwa kwenye goti lililovimba kama papai. Abigaël akaja, akapiga magoti mbele yake, akaligusa goti lile kwa huruma ya kweli.

"Unaona sasa, Yaya," akasema polepole. "Ulipita ku mulango."