Nyota za Dirisha la Mama

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutaweza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, sebuleni kwangu, taa zikiwaka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja West Bay. Mama yangu alikuwa mgonjwa sana kwetu Kisauni, nami nilikuwa nikimsubiri kafili wangu, yule mdhamini wa kazi, anipe kibali cha kutoka nchini. Kusubiri kule kuliniumiza. Ili nisiwaze, nikajitia kwenye uchizi wangu wa kompyuta za zamani, zile ndogo za nyumbani zinazochomekwa kwenye televisheni na kusoma programu kutoka kwenye kaseti. Nilikuwa nayo moja, nzima, pamoja na programu ya kuchora anga. Unaiambia uko wapi na ni lini, inakuchorea nyota. Tatizo ni kwamba kaseti yenye orodha ya nyota zenyewe ilipotea, na orodha za mtandaoni zilikuwa kubwa mno, ukiilisha ile mashine inazimia. Basi nikaandika kwa Kiingereza kwenye jukwaa la wapenzi wa mashine hizo, nikiomba orodha fupi ya zamani.

Wazungu wawili watatu wakajibu kwamba hawana. Kisha likaja jibu moja kwa Kiswahili: "Ninazo. Nikuletee?"

Ukiwa ughaibuni ukakutana na Kiswahili mahali usipokitarajia, akili inalala. Sikuuliza ni nani. Nikajibu kama nilivyolelewa: "Karibu sana, ndugu yangu." Anwani sikutoa. Niamini, sikutoa.

Kesho yake, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, nikasikia hodi. Nilipofungua nikamkuta mtu wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu. Joto la Doha unalijua, hata kuta zinatoka jasho. Yeye alikuwa mkavu kabisa.

"Nimekuletea nyota zako," akasema.

Nikamkaribisha ndani, nikaufunga mlango na kutia komeo. Chai hakutaka. Alitoa kaseti, akaitia mwenyewe, akavuta kibodi, akaandika digrii za Kisauni kwenye ramani. Nilimwambia lini natoka Kisauni? Akaandika tarehe ya Alhamisi iliyokuwa inakuja, baada ya isha.

Nyota zikaanza kutokea moja moja, taratibu, kama mashine zile zifanyavyo. Lakini hazikujaza skrini. Zilikaa ndani ya mraba mdogo, Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo, kwenye pembe ya chini, na mraba wenyewe ulikatwa na mistari miwili myeusi. Ile ilikuwa mistari ya nondo. Nondo mbili nilizozitia mimi, kwa mkono wangu, kwenye dirisha la chumba cha mama.

"Hizi ndizo atakazoziona mwisho," akasema, kwa upole, kama daktari.

Nikaruka kuchukua simu nimpigie dada yangu anayemuuguza. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Komeo lilikuwa vilevile nilivyolitia. Nikaitoa ile kaseti kuitazama. Ndani haikuwa na utepe! Plastiki tupu, magurudumu mawili, basi.

Sijui nililia vipi mbele ya kafili siku iliyofuata, lakini kibali nilipata. Alhamisi jioni nilikuwa Kisauni, kando ya kitanda. Mama alikuwa amekonda, macho ameyaelekeza dirishani. Mawingu ya vuli yakafunguka, nami nikaziona, zile zile, zikipanda kujipanga kati ya nondo. Ilikuwa imebaki Kilimia tu kufika kwenye pembe yake.

Nikalifunga dirisha kwa kishindo.

"Mbona unaninyima hewa, mwanangu?" akauliza.

Niliegemeza mgongo kwenye mbao za dirisha mpaka alfajiri. Asubuhi mama akaomba uji, akaumaliza.

Miaka imepita, na mama yupo. Lakini nyota hazifi. Kila mwaka msimu ule ukifika zinarudi pale pale, na kila mwaka naomba likizo niende kulifunga dirisha mwenyewe. Dada yangu ananiona mwendawazimu. Nilitaka kuliziba dirisha kwa matofali, mama akakataa katakata.

Kwa hiyo wewe unayetafuta orodha za namna hii, tafuta, lakini anayekuletea bila kuuliza unakaa wapi usimwambie karibu. Na kama umeshaitia kaseti, zima televisheni kabla nyota ya kwanza haijatokea. Usitake kujua ninachokijua. Mwaka huu mama amezeeka mno, haoni vizuri, mifupa inamuuma usiku kucha. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimechoka kulala gizani. Nifungulie, nizione nyota."

Nimekusimulia haya yote kwa sababu sijui nimjibu nini.