Uvimbe wa Paka wa Mama

Baba alipofariki, mama alibaki Butiama na paka mmoja wa kijivu. Kila nilipompigia simu kutoka Musoma, ninakofundisha, aliniambia habari za paka kabla ya zake. Mwaka juzi habari zikabadilika: anatapika, anakonda, dagaa anawanusa tu na kuondoka.

"Alikuwaga anakula kuliko mimi," mama alisema. "Njoo umwone, mwanangu."

Nilikwenda Jumamosi. Mbavu za paka zilikuwa zikihesabika. Jirani mwenye duka alicheka, akasema paka wako tele, nimtafutie mama mwingine. Mama alikuwa anatafuta kapu lenye mfuniko la kumbebea.

Tulimpeleka Bunda kwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Alimpapasa tumbo taratibu, vidole vikatulia mahali pamoja.

"Kuna kitu kigumu kwenye utumbo," alisema. "Naweza kumpasua nikitoe. Ila mama, sijapasua paka namna hii siku nyingi. Sitakudanganya."

Mama akamtazama. "Kwa kuwa umesema kweli, fanya."

Tulikaa kwenye benchi nje, mama akisali rozari. Daktari alitoka amelowa jasho: uvimbe kama limau ameutoa, pamoja na kipande cha utumbo, na paka anapumua. Nililia.

Alipeleka kipande cha uvimbe maabara, na majibu yalichelewa. Ilikuwa saratani ya misuli laini. Nilimwomba daktari anifafanulie.

"Ni misuli inayosukuma chakula tumboni bila mtu kuiamuru," alisema. "Nimekata mpaka penye nyama nzima, lakini saratani inaweza kurudi. Mpimeni uzito, angalieni anavyokula, mnirudishie kila baada ya miezi mitatu."

Mama alimchemshia sangara, akaponda minofu kwa vidole. Jirani yule aliyecheka alituazima mizani ya maharage, na kila Jumapili baada ya misa akaja mwenyewe kusoma uzito.

Paka aliishi vizuri mwaka na zaidi. Uvimbe uliporudi, daktari alishauri tusimkate tena. Alimpa dawa ya maumivu, na siku ilipofika, sindano ya kumpumzisha, mama akiwa amempakata.

Wiki iliyofuata mama alimpelekea daktari jogoo.

"Wa nini, mama, na paka amekufa?"

"Ni wa ile miezi aliyokula akashiba," mama alisema.

Daktari alimpokea jogoo kwa mikono miwili.