Fungu Moja kwa Kila Mchezaji

Vijana wa pikipiki hapa mtaani kwetu Kasuku, mjini Kindu, wakianza kubishana mbele ya mlango wetu, najua redio imetoa tena habari za ligi za ng'ambo: wachezaji wamegoma, au ligi imeweka kikomo cha mishahara ili timu tajiri isizimeze nyingine. "Mama," wananiuliza, "muntu akijua mupira, si alipwe vile anataka?" Nawaambia waniache nitwange sombe yangu, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Mume wangu yuko ndani, anawasikia, anacheka peke yake. Kikomo cha mshahara! Mimi nimeishi nacho nyumbani, na siku ya kwanza nilikichukia kabisa.

Wakati wa vita Kindu ilifungika. Treni haikuja tena, ofisi zikafa, na mume wangu, fundi wa reli, akabaki na miguu yake tu. Lakini miguu gani, jamani! Alikuwa mshambuliaji, na mpira ndio ukawa kazi yake. Watu waliingia uwanjani kwa kopo la mchele, kipande cha sabuni, chupa ya mawese, na wenye bahati waliingia kwa chumvi, maana chumvi ilikuwa adimu kuliko dawa. Vitu hivyo ndivyo vilikuwa mshahara wa wachezaji.

Akatokea tajiri mmoja, mfanyabiashara wa madini ya Kampene, rais wa timu pinzani. Yeye chumvi ilimjia kwa ndege. Akaanza kununua wachezaji wa kila timu kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mume wangu akawakusanya wachezaji wa mji mzima, wakaunda chama chao, wakawaambia marais wa timu: ama tunapatana, ama hakuna atakayegusa mpira. Walivutana wee, mwisho wakapatana. Mapato yote ya mechi yawekwe juu ya turubai, wachezaji wote wakiwepo na watu wakiona, yagawanywe mafungu sawa. Hodari na wa akiba, wote sawa. Malipo ya siri, marufuku. Na anayeumia uwanjani anahesabiwa kuwa amecheza, mpaka atembee tena.

Nilipandwa na hasira. "Ni wewe njo unafunga magoli, halafu unakula sawa na yule wa kukaa benchi? Uko na akili kweli?"

"Mama," akanijibu polepole, "wale wakishindwa na njaa, nitacheza na nani?"

Aka! Mtu anakujibu hivyo na mtoto analia mgongoni mwako.

Haukupita muda, mjumbe wa tajiri akatuletea gunia la chumvi mchana kweupe. La mume wangu peke yake, ahamie kwao. Gunia zima! Mimi nilishalishika kwa mikono yote. Siku ya mechi mume wangu akalifunga kwenye baiskeli, akaenda kulimwaga juu ya turubai. "Tumushukuru prezida," akatangaza, "kwa zawadi yake kwa wachezaji wote!" Umati ukalipuka kwa makofi. Tajiri angefanya nini? Alisimama akapunga mkono, uso umemvimba. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sifichi, siku hiyo nilimpenda mume wangu upya, ingawa gunia lilikuwa limekwenda.

Halafu akavunjika mguu. Aligongana na beki wa timu ya tajiri, bila ubaya wowote. Akalala akiangalia ukuta. "Sasa tutaona," akasema, "kama mapatano yetu ni kitu, ao ni maneno tu." Mimi sikuwa na la kuona. Nani atamkumbuka mshambuliaji asiyeweza kusimama?

Mechi iliyofuata ya timu hizo mbili ilinyeshewa mvua, watazamaji wakawa wachache. Jioni ikafika, hakuna aliyetuletea kitu. Nikaanza kuwatukana wachezaji wote, wao na koo zao, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nikiwa bado natukana, nikawaona wanaingia uani, timu zote mbili, wamejaa matope, wamebeba turubai. Walikuwa wamekataa kugawana uwanjani kwa sababu mchezaji mmoja hakuwepo. Wakamtoa mume wangu nje juu ya kiti, wakatandika turubai mbele yake, wakagawa.

Kila fungu lilikuwa mchele kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole. Yule beki akainama kumwaga fungu lake juu ya letu. Mume wangu akamshika mkono.

"Rudisha, ndugu yangu. Usinihurumie. Mimi ni muchezaji."

Beki akasita, kisha akarudisha fungu lake. Wengine wote wakainamia turubai, kila mmoja akachukua lake. Mume wangu alikuwa analia waziwazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kombe.

Fungu letu lilienea kiganja kimoja. Nikalipokea kwa mikono miwili.