Sufuria Nyuma ya Goli

Mwaka ule shule yetu ya misheni ilibaki bila timu ya mpira. Wakubwa wote waliandikwa kazi, wengine migodini, wengine kwenye reli, wakaondoka na miguu yao. Tuliobaki tulikuwa wembamba, na mimi sikuwa hata mchezaji. Kengele ikilia nilikimbia moja kwa moja nyumbani, nikaketi karibu na mbabula, lile jiko la makaa la mama, kungoja maharage. Darasani waliniita mutoto wa mbabula. Sikuona tusi. Asubuhi za mwezi wa sita pale Élisabethville baridi inauma mpaka kwenye meno. Anayecheka mbabula hajui anachokosa.

Shule ya ng'ambo ya reli ilipotufunga magoli saba, padri mkuu alichoka na sisi. Alisema mvua ikianza kiwanja kitalimwa. Mahindi, angalau, yanasimama mahali pake. Tulimwomba sana. Mwishowe akakubali turudiane na wale wale kabla ya mvua: tusipofungwa, kiwanja ni chetu.

Kapiteni wetu, kijana mwenye maneno mengi kuliko mwili, alitafuta mlinda goli akakosa. Akaja kwetu. Alimsalimia mama kwa heshima, kisha akanitazama pale mkekani nikichambua maharage.

"Weye unapenda nyumba," akaniambia. "Basi nakupatia nyumba. Iko na mulango mukubwa kidogo, lakini kazi ni moja tu: muntu asiingie."

Nilimjibu kwamba kiwanjani siendi. Akasema hakuna shida, kiwanja kitakuja. Kesho yake timu nzima ilikuwa uani kwetu, inapiga mpira kuelekea mlango wetu, na mbele ya mlango, kama kila siku, mbabula na sufuria yake. Mpira wa kwanza ulinipita nikiwa bado nafikiri. Maharage yote chini. Mama hakuwafokea wageni. Aliniambia mimi, polepole, kwamba leo sitakula.

Tangu siku hiyo nikaanza kuruka. Niliruka kwa tumbo, kwa ubavu, mara moja niliokoa sufuria kwa shavu. Wenzangu walidhani ni kipaji. Ilikuwa njaa.

Lakini tulipohamia kiwanjani nilirudi kuwa gogo. Mipira ilinipita na mimi nikiisindikiza kwa macho, kama mtu anayeaga wageni. Kapiteni hakunigombeza. Alikwenda tena kwetu, safari hii kuzungumza na mama peke yake.

Siku ya mechi nilielewa walizungumza nini. Goli letu halikuwa na wavu. Nyuma yake, katikati kabisa ya milingoti, mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi, mbabula inawaka, sufuria inachemka. Padri aliuliza ile ni nini, na kapiteni akamweleza kwamba timu itakula baada ya kazi. Wapinzani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja aliniuliza kama kitanda nacho kinakuja.

Walitushambulia mchana kutwa. Sura zao sizikumbuki. Nakumbuka kifuniko cha sufuria kikirukaruka nyuma yangu, na mimi nikiruka pamoja nacho. Mwishoni kabisa, mchezaji wao mmoja mkubwa alitoka peke yake, hana mtu mbele isipokuwa mimi. Mama hakusogea hata kidogo.

"Maharage nilisha kutia chumvi," alisema.

Niliruka. Mpira ulinipiga kifuani, nikaukumbatia, nikaanguka nao, na filimbi ikalia. Hatukuwafunga, lakini hawakutufunga.

Padri alikula sahani moja, akaomba ya pili. Mvua ilipoanza alituamuru tulete majembe, tukaogopa. Kumbe ni kuchimba mashimo marefu ya milingoti mipya. Mahindi yalipandwa nyuma ya vyoo, na hata huko yalisimama vizuri.

Baba alikuwa kazini kwenye treni ya Sakania siku ile ya mechi. Aliporudi nilijiandaa kumsimulia, lakini alikwisha sikia. Njiani wenzake wa reli walikuwa wamempa mkono kwa ajili yangu. Jioni hiyo mama alipakua, akanipa mimi sahani kubwa, ile ya baba siku zote, na baba ile ndogo. Baba alizitazama zote mbili. Akavuta ile ndogo, akala.