Safu Mbili za Bwana Rula

Shangazi yangu amewafundisha watoto waliochelewa kusoma kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Hana makuu. Kinachomtia kinyaa ni kazi ya ovyo iliyovishwa suti, na mkuu wetu wa shule alikuwa na kabati zima la suti za namna hiyo.

Mkuu huyo tulimwita Bwana Rula kwa kupenda unadhifu. Alitaka kufunga darasa la Shangazi na kuwaketisha wale watoto ishirini na wanne mbele ya televisheni. Kwa muhula mmoja wa majaribio chumba kilifungwa, televisheni ikawashwa, na Shangazi akawekwa kando. Watoto wakapimwa kabla na baada, na mimi, karani, nikapewa jedwali nichape ripoti. Chini yake palitakiwa sahihi ya Shangazi.

"Kompyuta imesema," Mkuu alijigamba. "Jaribio la t la jozi, hesabu ya kulinganisha kabla na baada. Maendeleo dhahiri."

Shangazi akasoma, akakunja uso kama aliyekuta unywele kwenye sahani. "Huyu binti sasa kasahau hata kuunganisha silabi. Thelathini na tatu kazipata wapi?"

Tukafukua karatasi za mtihani. Alikuwa amepata kumi na nne. Ndipo uozo ulipoonekana: Bwana Rula alizipanga alama kutoka ndogo hadi kubwa, kila safu peke yake, ili zipendeze. Majina yakabaki na safu ya kwanza. Ya pili ikawa ya yeyote.

"Jozi ni mtoto na yeye mwenyewe," Shangazi alimwambia. "Unatoa alama zake za kwanza kwenye za pili, halafu unatazama kama tofauti za wote zinakubaliana au zimetawanyika. Wewe umetoa za huyu kwenye za yule."

"Wastani si uleule, Mwalimu? Wamepanda alama mbili."

"Uleule. Ila kwako kila mtoto kapanda mbili hivi kwa adabu. Kwenye karatasi mmoja kapanda ishirini, mwingine kashuka kumi na saba. Hapo hujathibitisha kitu."

"Wewe tia sahihi tu."

Hakutia. Aliandika majina na alama halisi, akabandika ubaoni siku ya wazazi. Hakuna mzazi aliyeuliza wastani. Kila mmoja alishusha kidole hadi kwa mwanawe, na nyuso zikabadilika.

Bwana Rula akaja mbio kubandua. Kidole chake kikakwama: thelathini na moja, kumi na nne. Binti yake wa kumzaa. Sisi tulijua tangu mwanzo kuwa ni yeye. Yeye ndiye hakuwahi kusoma majina.

Akamsogelea Shangazi, sauti chini. "Dada, huyu wangu nisaidie, umfundishe pembeni, kule nyumbani. Darasa tutalifunga kama tulivyopanga."

Shangazi alijifuta chaki mikononi. "Pembeni sifundishi. Ukitaka asome, fungua kile chumba, akae na wenzake."

Jumatatu chumba kilifunguliwa. Yule binti anakaa mstari wa mbele. Barua ya Mkuu inasema ni uamuzi wa kitaalamu, na mimi ndiye niliyeichapa.